Picha ya Alhamisi Alasiri

"Hii hapa," alisema Garrett Loomis, akamsogezea Danica Bulat, mpelelezi wa sherifu, simu hadi karibu na pua. "Alhamisi, saa kumi na dakika saba alasiri. Simu haina sababu ya kusema uongo."

Danica hakuigusa. Aliitazama picha, akakitazama kidole cha Loomis kilichokuwa chekundu kwa baridi, kisha akairudia picha. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi. Theluji ilidondoka kimya juu ya bandari ya Anacortes, karibu na mpaka wa Kanada, ikatua juu ya maturubai ya mashua zilizofungwa kungoja kiangazi, kama watu wenye akili zao wanavyofanya. Nafasi moja tu gatini ilikuwa wazi. Hapo ndipo Alma, mashua ya tanga ya futi ishirini na saba, ilipokuwa ikifungwa kwa miaka kumi na minane. Sasa palikuwa na maji meusi na vipande viwili vya kamba vilivyoganda.

Kwenye picha, Alma ilikuwa inapita nje ya ukuta wa mawe unaoikinga bandari na mawimbi. Tanga la mbele lilikuwa juu. Maboya ya ubavuni, yale ya kuzuia mashua isijikwaruze gatini, yalikuwa bado yananing'inia. Kwenye usukani alisimama mzee mrefu mwenye ndevu: Einar Tveit, mwenye mashua, seremala wa meli aliyestaafu. Kando yake alikuwepo mama mfupi aliyejifunga skafu mpaka puani: Fumi Hasegawa, aliyewafundisha hesabu nusu ya watu wa mji huu, Danica akiwa mmoja wao. Wa tatu alikuwa amegeuza mgongo, na kichwani alivaa kofia ya manjano ya kuziba masikio.

"Na huyu?"

"Wendell Pike. Ile kofia ungeiona hata ukiwa mwezini."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Wendell Pike, mfamasia mstaafu, ndiye aliyewapigia simu walinzi wa pwani Ijumaa saa mbili usiku. Alisema rafiki zake wawili wamo baharini na hawajaita kwenye redio kama walivyopatana. Yeye mwenyewe, alisema, alikuwa kitandani na homa tangu Jumatano, hata saa waliyoondoka hakuijua. Kwa hiyo watu watatu walionekana wakitoka bandarini, wawili hawajulikani walipo, na wa tatu yuko nyumbani kwake anasema hakwenda.

"Ulimwona akirudi?" Danica aliuliza.

"Mimi jioni ile ile nilikwenda kwa binti yangu Seattle. Nimerudi leo alfajiri, nakuta askari mlangoni, nikamwonyesha hii." Loomis alivuta kamasi. Alikuwa mgeni kutoka Arizona, aliyenunua boti ya injini mwezi wa Septemba na kuhamia ndani yake na paka. "Lakini Jumanne nilimsikia. Walikuwa humo ndani ya Alma wote watatu, wanakunywa supu na kupanga safari yao. Mara huyo Pike akapiga kelele: 'Ukienda kule, Einar, utakufa, na utamuua na Fumi!' Paka wangu aliruka hadi juu ya jiko."

"Kule wapi?"

"Sijui, nilifunga dirisha. Nilidhani anasema bahari nzima. Kutalii visiwani Januari, kwa chombo cha ukubwa wa gari langu? Kwetu Arizona, mama, mtu akichoka kuishi ana njia zenye joto zaidi."

Danica hakucheka, ingawa alikubaliana naye. Baba yake na babu yake walivua samoni kwa nyavu katika maji haya, na kwao bahari ya Januari ilikuwa kitu cha kutazamwa dirishani, kikombe kikiwa mkononi.

Alipiga magoti ukingoni mwa gati, akachora alichokiona kabla ya kusogeza chochote. Vyuma viwili vya kufungia kamba. Waya wa umeme, umekunjwa vizuri na kutundikwa na mtu asiye na haraka. Nyuma kabisa, pete ya tatu, ndogo, na hapo ubao wa gati ulikuwa umesuguliwa rangi nyekundu.

"Hapa kilifungwa nini?"

"Kihori chao. Kidogo, chekundu, cha kuwafikisha ufukweni wakishatia nanga. Kiko hapo siku zote."

Aliandika: kihori hakipo. Akajitumia nakala ya picha, akafunga daftari. Kamera ya lango la gati ilikuwa imekufa tangu dhoruba ya Novemba, na kampuni ya simu ingemjibu Jumatatu simu za wawili hao zilikuwa wapi. Mpaka hapo alikuwa na picha moja na mtu mmoja mwongo.

Akiwa ndani ya gari alimpigia Luteni Castellano wa walinzi wa pwani.

"Tuko magharibi," Castellano alisema. Nyuma yake redio zilikuwa zinapayuka. "Helikopta moja, meli mbili. Karatasi ya mpango wao inasema Ijumaa, lakini shahidi wako kawaona Alhamisi saa kumi, na saa ile maji yanakupwa. Mkondo wa mlango-bahari wa Rosario ungewateremsha kusini, kisha ukawatoa magharibi kwenye mlango wa Juan de Fuca. Hatujaona hata ubao."

"Una muda gani?"

"Maji yana nyuzi nane, dada. Kama wamo majini, tumeshachelewa. Kama wamo ndani ya mashua, au wamepanda mwamba mahali, wana leo tu, kwa sababu usiku huu baridi inashuka vibaya. Jua linazama saa kumi na nusu na ushee. Likizama, nawarudisha vijana wangu. Nipe sababu ya kutazama kwingine, nitatazama kwingine."

Wendell Pike alifungua mlango kabla Danica hajabisha. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka sitini na minne, amevaa sweta juu ya sweta, macho yamemwiva. Kofia ya manjano ilitundikwa nyuma ya mlango, na chini yake zilikuwepo buti za mpira zenye mistari myeupe ya chumvi. Danica alivisoma vyote akipita, kama mtu asiyeona kitu.

"Wamepatikana?"

"Bado. Tukae, Bwana Pike. Nina maswali machache."

"Wanatafuta wapi?"

"Maswali nitauliza mimi."

Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wengine: mtu unayemshuku usimpe unachokijua. Aliingia jikoni, akavuta kiti, kisha akauona ukuta. Akasahau kukaa.

Ramani za bahari kumi na moja zilikuwa zimegundishwa pamoja kutoka sakafuni hadi darini, visiwa vyote kuanzia Anacortes hadi mpaka wa Kanada. Hakuna ghuba iliyoachwa bila maandishi ya penseli. Mishale midogo ilionyesha mkondo unakoelekea maji yakijaa na unakoelekea yakikupwa, saa kwa saa. Kila mahali pa kutia nanga palikuwa na alama za pepo zote, na kando yake neno moja: salama, mbaya, au usithubutu. Palikuwa na mwamba uliochorwa ukiwa na ndege juu yake, na chini yake, "unafunikwa maji yakifika nusu, mwaka wa saba, shukrani kwa macho ya Fumi." Danica alizaliwa maili mbili kutoka ukuta huu. Miaka arobaini na minane alikuwa akiviona visiwa hivi kila asubuhi, na sasa alihisi kwamba hajawahi kuviona hata siku moja. Alishikwa na kitu kilichofanana na heshima anayoipata mtu akiingia kanisani.

"Nani kafanya haya?"

"Sisi. Majira kumi na manane ya baridi." Sauti ya Pike ililainika kidogo. "Tunaanza Oktoba, kila Jumanne. Einar analeta hadithi, Fumi analeta hesabu, mimi naandika na kupika. Wengine wote wanakwenda kiangazi, wanagombania nafasi ya nanga kama sokoni. Januari hakuna mtu. Unaamka asubuhi theluji imejaa juu ya tanga, na nyangumi anapumua karibu nawe hata unasikia harufu ya samaki aliokula."

Mezani ilikuwepo daftari ya mwaka huu. Danica aliifungua. Soksi za sufu, jozi sita kila mtu. Anayedhani tatu zinatosha abaki nyumbani. Kuni kavu, magunia manne. Supu ya kombe, siku ya kwanza. Einar haruhusiwi kuimba kabla ya kahawa. Aliifunga, akakaa, akarudi kwenye kazi yake.

"Umekuwa kitandani tangu Jumatano."

"Ndiyo."

"Hukutoka nje?"

"Sikutoka."

"Homa ilikuwa nyuzi ngapi?"

Pike alivuta mkono wa sweta. "Juu."

"Mfamasia wa miaka thelathini, anapima homa yake anasema 'juu'?"

Danica aliiweka simu mezani, picha ikimtazama mwenyeji. Pike aliinama, akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtambua mtu kwa mgongo wake.

"Hiyo haihusiani na lolote," alisema mwishowe.

"Watu wawili wamepotea, Bwana Pike, nawe uliyekuwa nao unaniambia haihusiani?"

"Haihusiani."

"Jumanne ulimpigia Einar kelele kwamba atakufa, na atamuua na Fumi. Ulikuwa unazungumzia nini?"

Pike alikunja mikono, akautazama ukuta wake. Danica alimwacha. Alikwishawaona watu wengi wakikaa namna ile, na wengi wao walikuwa na jambo lililofukiwa mahali. Alizunguka, akarudi kwenye homa, akarudi kwenye kofia, akarudi kwenye Jumanne. Kila alipogusa Alhamisi, mzee alionyesha haya usoni kama mtoto aliyekutwa kabatini. Hilo ndilo lililomsumbua Danica. Mtu aliyeua rafiki zake huogopa. Huyu alikuwa anaona aibu.

Akaifungua tena daftari, safari hii kwa taratibu, mpaka ukurasa wa kuondoka. Ijumaa, saa mbili kasoro robo asubuhi, panapopambazuka. Kwanza kahawa. Pili maboya ya ubavuni yaingizwe ndani. Tatu kihori kifungwe nyuma kwa kamba mbili, Fumi ahakikishe, mwaka wa tano tulikisahau.

Danica aliivuta simu. Kwenye picha maboya yote manne yalining'inia nje. Nyuma ya Alma palikuwa na mapovu na maji, basi. Alikuza picha mpaka ikawa madoa. Hakukuwa na kihori, wala nyuma wala juu ya sitaha. Lakini ile pete ndogo gatini ilikuwa tupu.

"Mlirudi," alisema.

Pike aliinua macho.

"Alhamisi mlitoka, mkarudi. Kihori kilibaki gatini mlipotoka, na sasa hakipo. Hakikuogelea chenyewe." Kisha likamjia lililobaki, na akashangaa kwamba limechelewa kiasi hicho, maana alikua nalo. "Safari yenu ilikuwa ya Ijumaa."

Hakuna nahodha wa nyavu katika mji huu anayeanza safari siku ya Ijumaa; ni siku ya mkosi. Samaki wakiwa hawasubiri, unafungua kamba Alhamisi, unauzunguka ukuta wa bandari, unaihesabu safari kuwa imeanza, unarudi kwako unakula na kulala. Ijumaa unakuwa unaendelea tu na safari ya jana. Baba yake Danica alifanya hivyo mpaka siku aliyouza mashua, na kijana aliyemcheka aliambiwa akatafute kazi kwingine. Mtu wa Arizona angejulia wapi? Aliona mashua inatoka, akapiga picha.

"Tulizunguka ukuta, tukanywa kifuniko kimoja kimoja cha wiski, tukarudi," Pike alisema. "Dakika ishirini. Tumefanya hivyo miaka yote."

"Hata Mwalimu Hasegawa?"

"Yeye ndiye mbishi kuliko wote. Anasema hajaona takwimu za kumshawishi aache."

"Na kweli waliondoka lini?"

"Nimekwambia sijui. Nilikuwa—"

Danica alimkata. Alikuwa anafanya jambo ambalo angemkemea askari mdogo kwa kulifanya. "Sikiliza. Helikopta na meli mbili ziko magharibi, mlango wa Juan de Fuca, tangu asubuhi. Wamehesabu mkondo kuanzia hiyo picha. Alhamisi saa kumi, maji yakikupwa."

Kiti cha Pike kilianguka nyuma yake.

"Magharibi? Hakuna mtu magharibi! Walitoka maji yakijaa! Mkondo wa Rosario unakwenda kaskazini saa hizo, maili nne kwa saa, kaskazini! Nani kawapeleka magharibi?"

"Unajuaje walitoka maji yakijaa?"

"Kwa sababu kamba niliwafungulia mimi!"

Alisema kwa sauti iliyojaza jiko zima, kisha akashika ukingo wa meza.

"Mwaka jana nilianguka majini," alisema. "Dakika nne. Einar alinivuta kwa ukosi. Nilijiambia itapita, nikapanga safari hii yote, kila saa, kila ghuba, soksi na kuni. Nilibeba supu mpaka gatini. Halafu nikainua mguu niingie, mguu ukakataa. Nikawaambia nina homa. Nikafungua kamba, nikasimama pale nikiwaangalia mpaka wakapotea. Askari aliponiuliza kwenye simu, niliona homa ya ghafla gatini hakuna atakayeiamini, nikasema tangu Jumatano. Nilidhani saa ya kuondoka mnaisoma kwenye karatasi. Sikujua kuna picha. Mungu wangu, sikujua."

Danica aliitazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu. Swali la pili la mzee huyu pale mlangoni lilikuwa wanatafuta wapi. Angemjibu, meli zingekuwa zimeshageuzwa kwa saa nzima. Mzee alificha kwa aibu, yeye alificha kwa kanuni, na kati yao wawili wamewapotezea wale waliomo baharini asubuhi nzima. Alijichukia kwa muda mfupi, kwa sababu hakukuwa na muda wa zaidi.

"Upepo wa Fraser uliwakuta wapi?" Alikuwa ameshasimama mbele ya ukuta. Ule upepo wa barafu unaotoka bonde la Fraser ulitabiriwa kufika Ijumaa usiku. Ulifika saa sita mchana.

Pike alikuja kando yake. Kidole chake kilianza bandarini, kikafuata mishale ya penseli bila kutafuta. "Saa mbili kasoro robo, hapa. Saa tatu, hapa, wameingia Rosario. Fumi alikadiria saa sita watakuwa hapa." Kidole kilisimama katikati ya maji meupe ya karatasi. "Upepo unatoka kaskazini-mashariki, mkondo unakwenda kaskazini. Vinakutana uso kwa uso. Mawimbi yanasimama wima. Kurudi hawawezi, mkondo hauwaruhusu. Lazima wajifiche nyuma ya kisiwa."

"Kisiwa gani?"

"Tuna ghuba tatu upande huu. Mbili wangeshaonekana, feri inapita karibu." Kidole chake kilikwenda kwenye kisiwa kidogo kuliko ukucha wake, kisiwa cha Pruitt. Kando yake neno "usithubutu" lilikuwa limefutwa kwa raba, likaandikwa tena, likafutwa, mpaka karatasi ikachubuka. "Hapa. Hii ndiyo ya Jumanne. Mlango wake ni upana wa mashua mbili, una mwamba katikati. Einar anasema maji yakijaa unapita. Mimi nilimwambia ukienda kule utakufa."

Danica alikuwa ameshapiga simu. Castellano alisikiliza bila kumkatiza, kisha akatoa tusi moja fupi.

"Helikopta iko maili sitini, na lazima ijaze mafuta kwanza. Boti ya sherifu?"

"Iko gatini."

"Basi nyinyi ndio wa karibu. Nendeni."

Naibu wa sherifu, Renfro, alikuwa ameshawasha injini walipofika. Danica aliruka ndani, akageuka. Pike alikuwa amesimama ukingoni mwa gati, kofia ya manjano kichwani, akiuangalia ule upenyo wa maji meusi kati ya mbao na boti. Haukuzidi futi moja.

"Tuelekeze kwa redio," Danica alimwambia. "Si lazima uje."

"Ule mwamba hamtauona," alisema. "Haupo kwenye ramani zenu. Upo kwenye yetu."

Alifumba macho, akavuka. Akatua kwa magoti, akashika chuma cha kiti kwa mikono miwili, na hakukiachia mpaka walipofika.

Walipotoka nyuma ya kisiwa cha kwanza theluji ilikatika, na Danica Bulat, mjukuu wa wavuvi, aliiona Rosario ya Januari kwa macho yake. Maji yalikuwa na joto kuliko hewa, hivyo bahari nzima ilikuwa inafuka moshi. Moshi huo mweupe ulisimama juu ya mkondo, ukatembea nao. Mkondo wenyewe ulikuwa unakwenda kama mto uliosahau kingo zake, ukijikunja, ukifungua mashimo yanayozunguka na kuyafumba. Gogo refu kuliko boti yao liliinuka wima majini, likasimama, likazama tena polepole bila sauti. Juu ya yote hayo, mashariki, Mlima Baker ulikuwa umejitokeza mzima, mweupe, mkubwa kiasi cha kutisha, na jua likiwa limeupiga ubavuni. Danica alijikuta ameshika mdomo. Alielewa kwa nini watu watatu wenye akili zao wangekaa Jumanne kumi na tano mezani ili waje mahali hapa. Alielewa pia jinsi mahali hapa pasivyojali kabisa kama wamekuja.

"Punguza," Pike alimwambia Renfro. Meno yake yalikuwa yanagongana. "Shika kushoto. Kushoto zaidi. Mti ule uliovunjika ukiwa juu ya jiwe lile jeupe, basi ingia, usiangalie maji."

"Sioni mlango," Renfro alisema.

"Hata mimi siuoni. Ingia."

Mwamba ulipita ubavuni mwao ukiwa chini ya maji kwa mkono mmoja, mpana kama meza ya kulia. Mara upepo ukafa. Ndani ya ghuba maji yalikuwa laini, na kuta za mawe zilikuwa zimevaa barafu kuanzia juu mpaka chini, rangi ya buluu.

Alma ilikuwa imelala ubavu kwenye kokoto, mlingoti umekatika katikati, kila kamba imenenepa kwa barafu. Kihori chekundu kilikuwa juu yake, kimepinduliwa. Hakukuwa na mtu ndani. Kisha Danica akaona, juu kidogo ya ufuko, magogo yaliyoletwa na bahari yamepangwa kuwa ukuta, tanga limetandikwa juu yake, na pembeni mwa tanga kamba nyembamba ya moshi. Haukuwa moshi wa bahari. Ulikuwa na harufu ya kuni kavu.

Boti haikuweza kufika kwenye kokoto. Renfro alikuwa bado anatafuta ndoano ya kujivutia pale Wendell Pike alipokiachia kile chuma, akapitisha mguu juu ya ubavu wa boti, akaingia majini mpaka kiunoni. Alitoa ukelele mmoja, akaendelea kutembea.

Tanga lilifunguka. Fumi Hasegawa alitoka akiwa ametambaa, akasimama, akajipangusa magoti. Uso wake ulikuwa wa kijivu na midomo imepasuka. Alimtazama mtu wa kofia ya manjano akija kwake huku maji yanamtiririka, akamtazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wanaochelewa.

"Wendell. Si ulisema una homa?"

"Sikuwa na homa, Fumi."

"Najua. Nilikugusa paji la uso." Alimshika mkono, akamvuta kuelekea kwenye tanga. "Einar anapumua. Kavunjika nyonga. Haya, wewe shika upande wa miguu. Taratibu."

Wendell aliinama, akaingia ndani, akashika upande wa miguu.